Mkwe Ng'ambo ya Korongo

Mtu asiyetaka kumwona mwanangu hata kisogo, siku moja anaagiza mwanangu huyo huyo, na mimba yake, apelekwe kutembea kwenye daraja la kamba juu ya korongo. Wewe ungefanyaje? Mimi nilifunga duka nikaenda.

Naitwa Tausi. Nauza khanga na vitenge Kyela mjini, kama alivyouza mama yangu, na kabla yake babu yangu, aliyetoka Kilwa na mzigo wa nguo akasahau kurudi. Nimezaliwa hapa, kwa hiyo mtu asinifundishe mila ya Wanyakyusa ya mkwe. Mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani, hawakutani njiani, hawali pamoja. Nimeona kwa macho yangu mteja akiangusha kitenge na kuchutama nyuma ya meza yangu kwa sababu baba mkwe wake amepita barabarani na baiskeli. Mama yangu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, kisha anamfunika yule mwanamke na doti zima mpaka mzee apite.

Lakini Nsajigwa, baba mkwe wa binti yangu Naila, si mtu wa kuchutamiwa. Amefanya kazi reli, amekaa Zambia, akikasirika anakasirika kwa Kiingereza. Ni mzee wa kanisa huko Ngana. Sokoni anasalimia wanawake wote kwa mikono miwili na kuwauliza habari za mbuzi wao. Na mke wa mwanawe mkubwa, Prisca, humletea chai mkononi, wanataniana mbele za watu. Naila akitokea uani, mzee anatokea mlango wa nyuma. Naila akiwa njiani na ndoo, mzee anaingia kwenye mikakao na koti lake, anasimama humo kama mwizi mpaka apite. Sasa hiyo ni mila gani inayomshika kwa mmoja na kumwachia kwa mwingine?

Mimi nilikuwa na jibu langu. Mwanawe Anyisile alisilimu ili amwoe Naila. Msikitini ni Idrisa, kwingine kote amebaki Anyisile, lakini kusilimu alisilimu. Mzee wa kanisa kupoteza mtoto namna hiyo si jambo dogo. Hakusema neno siku ya nikaha, alikula pilau, akashukuru, akaondoka. Mtu anayemeza jambo kubwa kiasi hicho bila kukohoa, mimi namwogopa.

Nilimbana Prisca siku moja alipokuja dukani. Nikamuuliza, mwenzangu, wewe uliwezaje kukaa meza moja na mzee?

"Mimi nilipelekwa darajani, mama," akasema.

"Kufanya nini?"

Akaanza kutazama vitenge ambavyo alishavitazama. "Mama mkwe atakueleza."

Mama mkwe ni Angetile, mke wa Nsajigwa. Mtaratibu, mwenye magoti mabovu na sauti ya kubembeleza watoto wa watu. Nilimpigia simu usiku ule ule. Akasema mambo mengine huelezwa baadaye, mkwe wangu, usiwe na wasiwasi. Mtu akiniambia nisiwe na wasiwasi, ndipo machale yananicheza.

Nikajumlisha. Mzee wa kanisa, mto, na binti wa Kiislamu ambaye mimba yake ya kwanza imeanza kuonekana. Prisca ni Mkristo wa kuzaliwa, kwake haikuwa na madhara. Kwa Naila je? Wangemzamisha mtoni wamtoe akiwa Elizabeti? Au lilikuwa jambo baya zaidi, ambalo sikutaka hata kulitaja moyoni, ila usiku likinijia lenyewe: daraja kuukuu, korongo, na mjukuu ambaye mtu hamtaki?

Na kulikuwa na jambo jingine. Kwetu binti hujifungulia mimba ya kwanza kwa mama yake. Nilijifungulia kwa mama, mama alijifungulia kwa bibi. Nilikwishasafisha chumba cha nyuma, nikaweka neti mpya, nikaongea na mkunga mstaafu wa jirani. Niliwapelekea ombi kwa heshima zote kupitia kwa Angetile. Jibu likaja, mzee amesikia. Basi. Amesikia! Hata redio inasikiwa. Wiki zikapita, badala ya ruhusa likaja agizo la daraja.

Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Ngana. Nilikuwa nimeshaamua: nitaliona hilo daraja lao, nitamwona huyo mzee, kisha nitaondoka na binti yangu, apende asipende mtu.

Angetile alinipokea mlangoni. "Mugonile, mkwe wangu. Hata hatukujua kama unakuja."

"Ndiyo maana nimekuja," nikasema.

Akacheka, lakini nilimwona akitupa jicho kule mezani, ambako kulikuwa na kikombe cha chai kilichonywewa nusu. Nikauliza mzee yuko wapi. Akasema ametangulia, ana shughuli. Mume wa Naila alikuwa Lyulilo, kule ziwani, ni fundi wa injini za boti, hurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tulikuwa wanawake watatu tu: mimi, Angetile, na Naila aliyetoka chumbani akipendeza, amejifunga khanga niliyompa mimi, anatabasamu kama mtoto anayepelekwa kwenye maonyesho ya Nane Nane.

"Mama! Na wewe umekuja kuliona daraja?"

"Nimekuja kukuona wewe," nikamwambia. "Unajua unakwenda kufanya nini huko?"

"Kutembea tu. Watu wanatoka Mbeya kuja kulipiga picha, mimi nakaa hapa sijawahi kufika."

Nikamtazama Angetile. Alikuwa ameinama anatafuta kiatu ambacho kilikuwa mguuni mwake.

Njia inapanda kupitia migomba na mikakao, halafu migomba inapungua na vilima vinaanza. Angetile alitembea polepole kwa ajili ya magoti, akatusimulia habari za daraja. Lilitundikwa zama za mkoloni, kabla mama yake hajazaliwa. Kamba zake za chuma zilishushwa na meli kule ziwani, na kwa sababu hakuna gari lililoweza kupanda huku, zilibebwa na watu. Kamba moja, mabega ya kijiji kizima, wamepangana mstari mmoja kutoka ufukweni mpaka vilimani, mmoja akijikwaa wote wanayumba. Babu yake Nsajigwa alikuwa mmoja wao. Alirudi na kidonda begani ambacho hakikupona mpaka alipozikwa nacho.

"Ndiyo maana mzee analipenda hivyo," Angetile akasema.

Naila alisema masikini. Mimi nilikuwa nawaza kwamba mtu ambaye ukoo wake umelijua daraja hilo miaka yote hiyo, bila shaka anajua pia ubao upi umeoza.

Tulilisikia kabla ya kuliona, yaani tuliusikia mto. Kisha ardhi ikakatika. Sijui niseme vipi. Unatembea kwenye majani, halafu majani yanaisha na chini kabisa kuna maji meupe yanapigana na mawe. Daraja lenyewe limening'inia kutoka nguzo za mawe upande huu mpaka nguzo za mawe upande ule, jembamba, mbao za kukanyagia katikati, waya za kushika kulia na kushoto. Watu wawili hawawezi kupishana bila kukumbatiana. Kuna kibao cha serikali kinachosema ni la kihistoria, na kingine kimeandikwa kwa mkono, mtu mmoja mmoja. Kwa chini, mbali, linaonekana daraja jipya la zege, pikipiki zinapita.

Mwanamke mmoja alikuja kutoka ng'ambo na mkungu wa ndizi kichwani, bila hata kushika waya, akatusalimia, akaenda zake. Nikaona aibu kidogo. Lakini aibu hiyo haikudumu, kwa sababu nilipotazama ng'ambo alikotoka nilimwona mtu.

Alikuwa amesimama ndani ya migomba, ametupa mgongo. Koti jeusi, lile la kanisani. Mkononi ana kamba. Kamba halisi, ya katani, ameizungusha kiganjani, na ncha yake imepotelea kwenye majani.

"Yule si mzee?" nikauliza.

"Yuko kwenye shughuli zake," Angetile akasema haraka. "Naila, mwanangu, vuka. Taratibu. Sisi tutakufuata."

"Peke yake?"

"Ni mmoja mmoja, Mama Naila. Imeandikwa pale."

"Basi nitangulie mimi."

"Hapana!" Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia Angetile akipaza sauti. Kisha akaishusha. "Hapana, mkwe wangu. Atangulie yeye. Nakuomba."

Sijui kama umewahi kuwa na shaka kwa muda mrefu halafu ukaona vipande vyote vikikaa mahali pake. Inaleta nguvu fulani. Mwenyeji anayejificha. Kamba. Mama mkwe anayesisitiza binti avuke kwanza, avuke peke yake. Na Naila, ambaye hajawahi kushuku hata chumvi kwenye mboga, alikuwa ameshavua ndala na kuingia darajani, anacheka jinsi mbao zinavyomtekenya nyayo.

Nilijikaza. Nilijikaza kweli. Nikamwacha aende mpaka karibu na katikati. Hapo yule mtu kwenye migomba akavuta kamba yake, majani yakatikisika, na mimi nikashindwa.

"Naila! Rudi! Rudi, wanakuua! Rudi!"

Sauti yangu inajulikana soko zima la Kyela. Korongo likaichukua likanirudishia. Naila aligeuka kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa kwenye msiba, akakanyaga ukingo wa ubao, na ubao ukavunjika. Mguu wake ulipita mpaka pajani. Daraja zima likalala upande halafu likarudi. Alishika waya kwa mikono miwili akabaki hivyo, nusu amekaa nusu ananing'inia, tumbo lake juu ya mbao, na vipande vya ubao vikashuka mtoni bila sauti.

Nilikimbilia nguzo. Nikashika waya nianze kuingia, lakini miguu ilikataa. Sina la kujitetea. Mikono ilishika, miguu ikakataa, nikabaki pale natikisa waya nalia na kuita majina yote ya Mungu ninayoyajua.

"Achia waya!" Angetile akanishika kiunoni. "Achia, Tausi, unamtikisa mtoto!"

Nikaachia. Nikaanguka chini naye juu yangu. Nilipoinua kichwa, nikamwona Nsajigwa akitoka kwenye migomba.

Alikuja kinyumenyume.

Nasema nilichokiona. Mzee wa mvi, mwenye tumbo la heshima, aliingia darajani akiwa ameelekeza uso kule alikotoka na mgongo huku tulipo. Alishika waya pande zote mbili na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kila hatua alitanguliza kisigino, akapapasa ubao, akaujaribu, ndipo akauachia uzito. Hakugeuza kichwa hata kidogo. Upepo ulipolisukuma daraja alisimama, likatulia, akaendelea kurudi nyuma.

"Geuka!" nikampigia kelele. "Geuka umshike mkono, wewe mzee! Mtoto anaanguka!"

"Nyamaza," Angetile akasema sikioni mwangu, analia. "Nyamaza, nikueleze. Naila anavuka ili aachiliwe. Kwenye nyumba yetu mkamwana akilivuka daraja kwa miguu yake, baba mkwe anamngoja ng'ambo, anamtazama, anampa ng'ombe, basi, umkwe umekwisha, anakuwa binti yake. Ni kabla hajazaa. Akimwona kabla hajavuka, imeharibika. Ataendelea kumkimbia mpaka kufa kwake. Prisca alivuka. Mimi nilivuka. Hatuambiwi, ili tusivuke kwa kumtamani ng'ombe."

"Na akianguka?"

"Akianguka atageuka, Mama Naila. Unadhani yeye si mtu?"

Mzee alisimama kiasi cha urefu wa mkono kutoka kwa Naila. Alilivua lile koti, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili, bado ametazama kwao. Akalisokota, akajifunga mkono mmoja wa koti kwenye kiganja, na mwingine akautupa nyuma juu ya bega lake. Ukamwangukia Naila kwenye magoti. Naona alimwambia kitu, au aliambia hewa iliyokuwa mbele yake.

Naila alinitazama. Nilimpungia mkono aje huku, kwangu, kwa mama yake. Umbali ulikuwa ni ule ule. Yeye akainua khanga akajifunika kichwa na uso, akashika koti.

Alipovuta mguu ukatoka, umechubuka. Wakaenda hivyo, mzee mbele, binti nyuma, koti katikati, mpaka kwenye mawe ya ng'ambo. Hapo mzee alipiga hatua chache, akafuta mikono kwenye suruali. Ndipo akageuka.

Naila alishusha khanga. Walitazamana. Angetile pembeni yangu alitoa vigelegele na kulia pamoja, sauti moja imepanda juu ya nyingine. Mzee alinyoosha mikono yote miwili na Naila akaipokea akipiga goti, na mzee akamwinua kabla goti halijafika chini. Kisha akaiokota ile kamba ya katani akaivuta, na kutoka kwenye migomba akatokea mtamba mwekundu, amenona, anatafuna, hana habari na mtu.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi baadaye. Wakati ule niliona wivu ambao sijawahi kuuona hata kwa mke mwenza, nilipokuwa naye. Binti yangu alikuwa kwenye midomo ya kifo na alichagua koti la mtu.

Ilibidi nivuke. Nilivua viatu, nikavuka kwa kutambaa, nimeng'ang'ania waya, Angetile akinielekeza kutoka nyuma wapi pa kuweka goti. Pale penye pengo nilifumba macho. Nilipofika ng'ambo mzee alikuwa amemkalisha Naila kwenye jiwe, anamfunga mguu na leso yake, anamweleza habari za daraja na babu yake. Sauti yake ilikuwa ya haraka, kama ya mtu aliyeweka maneno mwaka mzima na sasa hajui aanze na lipi.

Aliponiona akasimama. "Karibu, mkwe. Pole kwa hofu." Hakuuliza nani alidhani anamuua nani, ingawa nilijua ng'ambo yote ilinisikia. Afadhali angeuliza, hata kwa Kiingereza. Alimchukua mtamba akamsogeza kwenye majani, akatuachia nafasi, naye Angetile akamfuata.

Nikachuchumaa mbele ya mwanangu. Nikashika tumbo lake. Mtoto alicheza, Alhamdulillahi, akacheza tena.

"Mama," Naila akasema, "baba ameniambia jambo. Anasema ombi lako alilisikia siku nyingi, lakini asingeweza kunijibu, maana alikuwa bado hazungumzi nami, na hakutaka kunijibu kupitia kwa mtu. Anasema niende Kyela nikajifungulie kwako. Anasema ndiyo haki ya mama."

Machozi yalinitoka. Nikaanza kumweleza chumba cha nyuma, neti, mkunga, jinsi nitakavyomtuma mtu aje kuchukua nguo zake leo leo. Alinisubiri nimalize. Naila ni mpole, amechukua kwa baba yake mzazi.

"Baba ameniruhusu," akasema. "Mimi ndiye sitaki."

"Hutaki nini?"

"Sitaki kujifungulia kwako."

Nikamwambia aache utani. Akanishika mkono, kwa upendo, na hicho ndicho kilichonimaliza.

"Mama, ubao haukuoza. Mwanamke wa ndizi kapita juu yake, na mimi nilikuwa napita vizuri. Ulinishtua wewe. Ukiogopa unapiga kelele, na mimi nikisikia kelele zako nageuka, tangu utotoni nageuka. Siku ya uchungu sitaki kugeuka. Nataka mtu wa kunyamaza."

Kwa ulimi wangu huu nimewafukuza wezi, wakopaji na mume mmoja. Nilisema tu, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi sikuitambua, "Naruhusiwa kuja, lakini?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, hakuona haya kufikiri mbele yangu.

"Njoo," akasema. "Ila utakaa nje mpaka uitwe."

Nikasema nitakaa.